Kalemie ya bibi zetu

Vijana wenzetu, kwenye fomu tunaandika "Kalemie", lakini wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Wabelgiji waliuita mji huo Albertville. Uliinuka kwa reli: mwaka 1915 njia kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, ilifika pale ziwani. Ng'ambo, huku Kigoma tulikoshukia na boti, Wajerumani walishafikisha ya kwao mwaka 1914.

Bibi zetu hawaanzi na Wabelgiji. Wanaanza na ndagala: kuanika mchangani, kufunga magunia, kukimbilia gari moshi la Kabalo. Tulimuuliza mmoja, stesheni ilikuwaje? Akachora na fimbo kwenye vumbi: reli, bandari, mti aliokuwa akiuzia chini yake. Watoto wakapita juu ya mchoro wakikimbiza mpira. Akachora tena.