Ufa na Wavu: Historia Fupi ya Mbinu za Kinamba za Kukokotoa Mpasuko, 1921–2000

Ufa humtatiza mkokotoaji kwa namna mbili. Kwenye ncha yake, nadharia ya unyumbufu hudai mkazo usio na kikomo. Na kila unaposonga, ufa hubadili umbo la kitu chenyewe. Sehemu hii inajadili jinsi watafiti walivyokabiliana na matatizo hayo.

Mwaka 1913 Inglis alionesha kwamba mkazo kwenye ncha ya tundu la duaradufu huongezeka kadiri ncha hiyo inavyochongoka. Griffith, aliyechunguza kioo huko Farnborough, Uingereza, aliligeuza swali mwaka 1921: ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kuunda nyuso mpya. Umuhimu wa suala hili ulidhihirika tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady ilipokaribia kukatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, kwenye maji matulivu. Mwaka 1957 Irwin aliueleza mkazo ulio karibu na ncha kwa kigezo kimoja, yaani kigezo cha ukali wa mkazo.

Kompyuta zilipoenea, kitu kiligawanywa katika wavu wa elementi ndogo. Hata hivyo, elementi za kawaida hazikuweza kuufuata mkazo unaopanda ghafla kwenye ncha. Mwaka 1975 Henshell na Shaw, na mwaka uliofuata Barsoum, walionesha suluhisho jepesi: kulisogeza fundo la katikati ya ubavu hadi robo ya urefu wake, upande wa ncha. Kwa kufanya hivyo, elementi ile ile ilitoa mkazo sahihi bila programu mpya kuandikwa.

Kwenye zege tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Tangu Rashid, mwaka 1968, ufa ulisambazwa ndani ya elementi kwa kupunguza ugumu wake. Kumbe, kadiri wavu ulivyofanywa mwembamba, nishati ya kuvunja zege ilikaribia sifuri. Juhudi za kuongeza usahihi zikazaa jibu la hatari. Hillerborg na wenzake wa Lund, Uswidi, mwaka 1976 waliuwekea ufa nishati maalumu kwa kila eneo la uso. Mwaka 1983 Bažant na Oh waliifungamanisha nishati hiyo na upana wa ukanda wa nyufa.

Ilibaki kazi ya kuchora wavu upya kila ufa uliposonga. Mwaka 1999 Belytschko na Black, kisha Moës, Dolbow na Belytschko, waliongeza ndani ya elementi milinganyo inayoruhusu ufa kupita katikati yake. Kwa upande mwingine, Francfort na Marigo, mwaka 1998, waliirejelea hoja ya Griffith kama tatizo la kutafuta nishati ndogo kabisa, na mwaka 2000 Bourdin akashirikiana nao kuikokotoa.

Kwa muhtasari, mbinu zilizodumu ni zile zilizoilinda hesabu ya nishati. Kwa hiyo, mhandisi anayepokea picha ya ufa kutoka kwenye kompyuta hana budi kuuliza kwanza iwapo jibu litabaki lile lile wavu ukibadilishwa.