Aibu ya maumbile: Wasichana wanapokejeliwa na wanawake wenzao

KUVUNJA ungo ni hatua ya kawaida katika ukuaji wa msichana. Hata hivyo, katika shule nyingi hatua hiyo hugeuzwa kuwa chanzo cha kejeli. Aliyewahi kuota matiti hunyooshewa kidole, aliyechelewa huitwa mvulana. Mnene ni pipa, mwembamba ni kimbaumbau. Naye ambaye sare yake imeingia doa la hedhi huchekwa na darasa zima.

La kusikitisha ni kwamba wenye kukejeli si wavulana pekee. Wanafunzi wa kike, walimu wa kike na hata akina mama huwa mstari wa mbele. Hii ni chuki dhidi ya wanawake iliyopandwa nyoyoni mwa wanawake wenyewe. Msichana hukua akiambiwa kuwa mwili wake ni mchafu au una kasoro, akaamini, kisha akampima mwenzake kwa kipimo kicho hicho. Wengine hucheka ili wasichekwe wao.

Ulimi, wahenga walisema, unauma kuliko meno. Mnamo Septemba 2019 katika Kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Kwa mujibu wa mamake, mwalimu wa kike alimwita mchafu na kumtoa darasani baada ya damu ya hedhi kuchafua nguo yake, ilhali hakuwa na sodo. Wazazi waliandamana, nao wabunge wanawake wakaenda Wizara ya Elimu kudai maelezo.

Fedheha hii haiishii shuleni. Februari 2023, Gloria Orwoba, wakati huo seneta, alitakiwa kutoka bungeni kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Miongoni mwa waliomlalamikia alikuwamo seneta mwanamke.

Sheria haijanyamaza. Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwa sodo mwaka wa 2004. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda hadhi ya kila mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaharamisha kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili; anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Marekebisho ya 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma waliobaleghe.

Lakini kisa cha Bomet kilitokea miaka miwili baada ya marekebisho hayo. Sodo pekee haitoshi ikiwa ulimi wa mwalimu haujafunzwa. Mzazi azungumze na bintiye kabla hajavunja ungo. Wavulana nao wafundishwe hedhi ni nini. Mwalimu wa kike, aliyepitia hayo hayo, ndiye anayefaa kuwa wa kwanza kumsitiri mwanafunzi wake.