Mkeka Mmoja: Chakula cha Shule katika Nchi ya Watamil na Deni la Kanisa

Utangulizi

Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye chakula na mavazi. Aliitaja pia serikali njema kuwa sehemu ya mkate huo. Katika makala hii tunakusudia kulitazama fundisho hilo kwa njia ya historia ya mahali pamoja, yaani nchi ya Watamil, kusini mwa India. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, huko mpango wa kuwalisha watoto shuleni ulianza kama jaribio dogo la mji mmoja, na baadaye mlo huo ukawa haki ya mtoto wa India yote. Pili, huko ndiko misheni ya Kilutheri ilikotia mizizi tangu mwaka 1706, na Shirika la Leipzig lililofanya kazi kati ya Watamil ndilo lililofika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo historia hii ni ya jamaa zetu, na makosa yaliyomo yanatuhusu.

Kutoka Halle hadi Tranquebar

Mwaka 1695 mchungaji August Hermann Francke, wa usharika wa Glaucha karibu na Halle nchini Ujerumani, alikuta katika sanduku la sadaka taler 4 na groschen 16. Kwa fedha hizo alianzisha shule ya watoto maskini. Nyumba ya yatima ikafuata, pamoja na meza ambayo wanafunzi fukara wa chuo kikuu walikula bure, nao wakalipa kwa kufundisha katika shule zake. Hivyo kwa Francke chakula na elimu vilikwenda pamoja.

Bartholomäus Ziegenbalg, aliyepata kusoma Halle, alitumwa na Mfalme Frederick IV wa Denmark akafika Tranquebar tarehe 9 Julai 1706 pamoja na Heinrich Plütschau. Mwaka uliofuata walikuwa na shule ya wasichana. Katika shule zao watoto maskini walipewa chakula na mavazi. Hayo tunayakumbuka kwa shukrani.

Meza iliyoishinda misheni

Hata hivyo, lilikuwapo jambo ambalo misheni haikuliweza. Jamii ya Watamil iligawanyika katika matabaka ya kurithi, na mpaka mkali wa matabaka hayo ulikuwa chakula: ni nani aliyepika, na ni nani aliyeketi karibu na nani. Waliobatizwa waliingia kanisani na mipaka yao. Waliohesabiwa kuwa wa juu waliketi upande wao, na wale walioitwa wasioguswa, ambao wengi wao leo hujiita Wadalit, waliketi upande mwingine.

Katika karne ya 19 jambo hili lilipasua makanisa. Mwaka 1833 Askofu Daniel Wilson wa Kanisa la Anglikana aliagiza kwamba utengano wa matabaka ukomeshwe kanisani mara moja. Mwaka 1850 wamisionari wa mashirika mbalimbali waliokutana Madras walikubaliana kwamba kipimo cha Mkristo kuacha tabaka ni kukubali kula pamoja na ndugu wa tabaka lolote. Shirika la Leipzig halikuungana nao. Karl Graul, mkurugenzi wake, aliona kwamba tabaka ni desturi ya kijamii ambayo Injili ingeilainisha polepole, na kwamba kumlazimisha mtu kula ni kurudisha sheria mahali pa neema. Baadhi ya wamisionari wake mwenyewe hawakuridhika. Carl Ochs alijitenga na shirika hilo kwa sababu hiyo.

Hatuwezi kumhukumu Graul kwa wepesi. Hofu yake juu ya sheria ilikuwa hofu ya Kilutheri kweli. Lakini Paulo hakumvumilia Kefa alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14). Aliona kwamba kujitenga huko kunaigusa Injili yenyewe. Polepole ile ya Graul ilidumu vizazi vingi, na waliobeba gharama yake ni wale walioketi upande wa pili.

Wali wa serikali

Mwaka 1920 halmashauri ya mji wa Madras, ikiongozwa na P. Theagaraya Chetty, iliidhinisha chakula cha mchana kwa watoto wa shule moja katika mtaa wa Thousand Lights, kwa gharama isiyozidi anna moja kwa mtoto kwa siku. Mpango ulienea kwenye shule nyingine chache. Kisha serikali ya kikoloni ikakataa fedha za elimu ya msingi zisitumike kwa kazi hiyo, nao ukakatika.

Aliyeufufua ni K. Kamaraj, Waziri Kiongozi wa Madras kuanzia mwaka 1954 hadi 1963. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa mtoto baada ya kufiwa na baba yake. Inasimuliwa kwamba alimwuliza mtoto mchunga mifugo kwa nini haendi shule, naye akajibiwa kwa swali: je, huko nitapewa chakula? Mwaka 1956 mlo wa mchana ulianza kutolewa katika shule za jimbo zima, kwa michango ya wananchi na ruzuku ya serikali. Baadaye shirika la CARE la Marekani lilisaidia kwa vyakula.

Tarehe 1 Julai 1982 Waziri Kiongozi M. G. Ramachandran, mcheza sinema aliyeonja njaa utotoni, aliupanua mpango huo kwa kiasi ambacho wachumi wengi walikiita ubadhirifu. Ulianza vijijini kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, ukafika mijini Septemba mwaka huo huo, na mwaka 1984 ukawafikia wa miaka 10 hadi 15. Wanawake wengi waliajiriwa kupika na kusimamia, na wajane walipewa nafasi ya kwanza. Baadaye yai likaongezwa juu ya wali na mchuzi wa dengu.

Kutoka hisani hadi haki

Mwaka 2001 ukame ulizikumba sehemu nyingi za India huku maghala ya serikali yakiwa yamejaa nafaka. Chama cha kutetea haki za raia kilikwenda mahakamani. Tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliagiza kwamba kila mtoto katika shule za msingi za serikali, na zile zinazosaidiwa na serikali, apewe mlo uliopikwa wenye kalori zisizopungua 300 na protini gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka.

Tuangalie neno "uliopikwa". Tangu mwaka 1995 majimbo mengi yalikuwa yakigawa nafaka kavu, kilo 3 kwa mwezi, mtoto akaibeba nyumbani. Nafaka kavu haimketishi mtu karibu na mwenzake, bali chungu kimoja huwaketisha. Ndiyo maana upinzani ulizuka: kuna wazazi waliowakataza watoto wao kula chakula kilichopikwa na mwanamke Mdalit. Mwaka 2004 Mahakama iliagiza kwamba katika kuajiri wapishi, Wadalit wapewe kipaumbele. Yaani lile lililojadiliwa Madras mwaka 1850 likawa sasa amri ya dola kwa watoto wa imani zote.

Matunda na hatari

Utafiti uliofanywa Andhra Pradesh, jirani ya Tamil Nadu, ulionyesha kwamba mlo wa shule uliwafidia watoto madhara ya lishe yaliyoletwa na ukame. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba akina mama waliopata mlo huo walipokuwa wasichana walizaa watoto wenye udumavu mdogo zaidi. Basi sahani ya leo humlisha hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Lakini tusijidanganye. Udumavu huanza tumboni na katika miaka 2 ya kwanza, kabla mtoto hajaiona shule, kwa hiyo chakula cha shule hakiwezi kuchukua nafasi ya malezi ya mama na mtoto mchanga. Tena chakula kisichosimamiwa huua. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula mlo wa shule uliochanganyika na dawa ya kuua wadudu. Ghala na jiko la shule vinahitaji uangalizi ule ule tunaoutaka kwa dawa za hospitali.

Hitimisho

Sisi wenye shule katika sharika zetu tunalijua sufuria la uji na la makande. Mzazi huombwa mahindi, maharage, kuni na fedha ya mpishi. Utaratibu huo una heshima yake, maana jamii hujilisha yenyewe. Lakini tulipata kutembelea shule moja saa ya mchana tukaombwa kukibariki chakula. Tulikibariki, tukala pamoja na walimu. Ndipo tulipoona watoto kadhaa wameketi chini ya mti, mbali na wenzao, kwa sababu wazazi wao hawakuleta debe la mahindi. Hakuna aliyewafukuza, walikwisha kujua mahali pao. Sala yetu ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao.

Wakorintho walikaripiwa kwa jambo hilo hilo: mmoja ana njaa na mwingine ameshiba, nao wanasema wanashiriki meza ya Bwana (1 Wakorintho 11:20-22). Deni letu basi ni la namna mbili. Kwa serikali, tuseme wazi kwamba mlo wa mtoto unastahili fungu katika bajeti, kama mshahara wa mwalimu. Kwa sharika zetu, mzee wa kanisa anayejua nyumba isiyo na mahindi asingoje mtoto aketi chini ya mti. Sadaka ya mavuno iijazie nyumba hiyo debe lake kabla ya muhula kuanza, na jina la mtoto lisisomwe mbele ya wenzake.