Mpala na Lusinga: urithi wa pwani ya Marungu

Ukitoka Kalemie kwa boti ya moteri kuelekea Moba, milima inaanza kusogelea maji upande wa kuume. Hiyo ni pwani ya Watabwa, jimbo la Tanganyika. Nyuma yake kuna milima ya Marungu, inayopita mita 2.000. Mbele ni ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1.470, duniani kote ni ziwa Baikal tu linalolipita.

Kijiji cha Mpala kiko pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Kina jina la chifu Mpala, aliyempokea Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883 na kuchanjana naye undugu wa damu. Storms alijenga kituo chake hapo. Mwaka 1885 kituo kikapewa Mapadri Weupe, kikawa misioni. Ndiyo maana jina la Mpala linajulikana mpaka leo.

Jina la Lusinga halijulikani sana. Huyu alikuwa chifu mwenye nguvu kule milimani. Alikuwa na bunduki, alishambulia vijiji na kuuza watu utumwani. Storms naye alitaka kutawala eneo lote. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wa Storms wakavamia kijiji cha Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa.

Storms alipeleka fuvu Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mbao ya ukoo wa Lusinga. Sanamu iko kwenye makumbusho ya Tervuren. Fuvu liliwekwa Bruxelles, katika taasisi ya sayansi ya viumbe. Jino la Lumumba liliporudishwa Kongo mwaka 2022, fuvu la Lusinga lilikuwa bado kule. Kumbe urithi wa pwani hii hauko wote kwenye pwani.

Kwa mwenye kutaka kutembelea: wakati wa kiangazi, hasa kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 8, upepo wa kusini unainua mawimbi makali. Uliza wavuvi kabla ya kupanda boti, na uvae jile. Ukifika kijijini, anzia kwa chifu, usiokote kitu bila ruhusa. Halafu keti na wazee, uwaulize habari za wote wawili: Mpala, na Lusinga pia.