Folda ya Ubuntu Inakataa Kufunguka kwa Windows? Cheki Hapa

Uko cyber, kazi ya mteja iko kwa mashine ya Ubuntu, printa iko kwa ile ya Windows, na folda uliyoshare inakuitisha paswadi. Unaweka ile ya kuingia Ubuntu, inakataa. Tulia, buda. Samba, ile programu inapeleka folda za Linux kwa Windows, huweka paswadi zake kando. Fungua terminali, andika sudo smbpasswd -a na jina lako la Ubuntu, kisha uweke paswadi mara mbili. Kwa Windows tumia hilo jina na hiyo paswadi mpya. Mara mingi stori huishia hapo.

Windows haioni mashine kabisa? Andika anwani yenyewe kwa File Explorer, mfano \\192.168.1.10\kazi. Ikigoma, fungulia Samba kwa fayawoli ya Ubuntu: sudo ufw allow samba.

Ikifunguka lakini haisevu, cheki kama smb.conf iko na read only = no, na kama folda yenyewe inakuruhusu kuandika.

Halafu kuna msee atakushow uwashe SMB1. Zii. Huo ndio mlango WannaCry ilipitia Mei 2017, ikafunga mafaili za watu dunia mzima ikiitisha pesa. Na wewe kwa hiyo mashine uko na vitambulisho za mtaa wote.