Kumwombea Anayekufa: Tumaini la Kikristo Kati ya Kupona na Kufufuka

Muumini anapokaribia kufa, makanisa mengi ya Afrika Mashariki huwa na sala moja tu ya kumwombea, nayo ni sala ya kupona. Wazee wa kanisa, akina mama, wanakwaya na wanajumuiya huja kitandani kwa zamu, na kila anayefumba macho humsihi Mungu amwinue mgonjwa. Daktari akieleza kwamba tiba imefika kikomo, maneno yake huitwa ripoti ya wanadamu. Mgonjwa mwenyewe akianza kuzungumzia watoto, shamba au deni lake, hunyamazishwa kwa upole asijitabirie mabaya. Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo, pamoja na upendo wote uliomo, hulidhoofisha tumaini lile lile inalokusudia kulilinda. Imani ya Kikristo imejengwa juu ya ufufuo, na ufufuo hauna maana kwa mtu asiyeruhusiwa kufa.

Wanaotetea sala ya kupona peke yake huanzia Waraka wa Yakobo 5:14–15, penye agizo la kuwaita wazee na kumpaka mgonjwa mafuta, na wana haki ya kuanzia hapo. Lakini Agano Jipya halikuishia kwa Yakobo. Epafrodito aliugua karibu kufa akapona (Wafilipi 2:27). Trofimo aliachwa Mileto akiwa bado mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakuna mahali Paulo anapomlaumu kwa upungufu wa imani. Katika waraka ule ule kwa Wafilipi, Paulo anajadili kufa kwake bila woga wala aibu. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, kisha akayaacha mapenzi kwa Baba. Tukilipima tumaini kwa kupona, itatubidi tuseme kwamba sala ya Gethsemane haikujibiwa, na kwamba muujiza wa Lazaro uliahirisha tu mazishi, maana yeye naye alikufa tena.

Kwamba jambo hili lina madhara katika mwili wa mgonjwa, si katika mafundisho tu, kunadokezwa na utafiti uliofanyika Marekani. Mwaka 2009 Andrea Phelps na wenzake walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa 345 wa saratani iliyokwisha kuenea. Miongoni mwa walioegemea sana dini katika kuukabili ugonjwa, asilimia 13.6 walipewa tiba nzito ya kurefusha maisha katika wiki yao ya mwisho. Miongoni mwa walioiegemea kidogo, asilimia 4.2. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, ulioongozwa na Tracy Balboni, ulionyesha kwamba waliopata msaada mkubwa wa kiroho kutoka jumuiya zao za dini walitumia kidogo huduma za hospisi na walielekea zaidi kufia katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Ila pale ambapo watoa tiba nao walihudumia roho ya mgonjwa, mwelekeo uligeuka. Takwimu hizi hazihamishiki moja kwa moja hadi Mbeya au Kisumu, ambako mashine za kupumulia ni adimu. Hata hivyo zinatulazimisha kuuliza ni tumaini gani jumuiya humpelekea mgonjwa, kwa kuwa kiasi cha dini peke yake hakielezi tofauti hiyo.

Pingamizi la kwanza ni la kimila: husemwa kuwa Mwafrika hataji kifo mbele ya mgonjwa, kwa kuwa ni uchuro. Ni nusu ya ukweli. Jamii hizo hizo zinauheshimu wosia, na mzee aliyeondoka bila kuwaita wanawe huhesabiwa kuwa ameacha nyumba wazi. Yakobo baba wa Yusufu aliwaita wanawe katika Mwanzo 49, na Martin Luther, katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya kujiandaa kufa, alianza na kugawa mali ili ndugu wasigombane, ndipo akafika kwenye msamaha na sakramenti. Mtu hawezi kuacha wosia huku amezungukwa na watu wanaokana kwamba anaondoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika nchi ambako wengi hufa kwa kukosa dawa iliyopo kwingine, je, kumfundisha mgonjwa kukubali kifo si kuibariki dhuluma? Jibu ni kwamba kanisa halina ruhusa ya kuita mapenzi ya Mungu kile ambacho bajeti ingeweza kukizuia. Lakini maumivu yasiyotulizwa nayo ni dhuluma, na hapo wanaokiri kifo ndio waliotenda. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kueneza mofini ya maji ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Anayemwombea mgonjwa apone tu hana sababu ya kuuliza mofini iko wapi.

Limebaki swali la wachungaji: nani ajuaye saa ya kubadilisha sala? Kanisa Katoliki lina mwongozo wa kufaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoutoa mpako wa wagonjwa katika kifungo cha dakika za mwisho, wanaokufa hawakuachwa mikono mitupu: wana Viatiko, Ekaristi ya safari. Sala mbili, ya kupona na ya kujiandaa kufa, zinaweza kukaa pamoja, na anayeogopa kwamba ya pili itaifuta ya kwanza asome 2 Wafalme 20. Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu angekufa. Miaka 15 ya nyongeza alipewa baada ya kuambiwa hivyo.