Droni ziliruka, sheria ikafuata

Wasee, kabla tulalamikie vibali vya droni, tukumbuke tulikotoka. Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga. Sisi? Kanuni zetu za 2017 Bunge lilizifuta 2018, wananchi hawakuhusishwa vya kutosha. Hapo Bunge lilikuwa sawa. Lakini mpya zilingoja hadi Machi 2020, na katikati hapo mpiga video wa harusi hakujua aombe ruhusa wapi.

Sasa KCAA inazipanga kwa kiwango cha hatari, A hadi C, na mwisho wa kupaa ni futi 400. Mimi naikubali. Niliwahi kuangusha droni ya kuazima, hatua chache kutoka kwa watoto wakicheza. Wao walicheka. Mimi mikono ilitetemeka hadi jioni.